Mwalimu naye huhitaji mbegu mpya

Mtembea bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii mwalimu wetu wa Kiswahili alituandikia ubaoni mara nyingi tulipokuwa kidato cha pili. Tukaifafanua, tukaitungia visa, tukapewa alama zetu na kwenda zetu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kunyosha mkono na kumuuliza: “Mwalimu, na wewe je, umetembea wapi?”

Swali hilo nilimuuliza miaka mingi baadaye, mwezi wa Julai 2024, tulipokutana kwa bahati katika duka la vitabu jijini Nairobi. Alicheka, kisha akahesabu kwa vidole: nyumbani kwake Nairobi, shuleni, sokoni, na kijijini kwao Makueni wakati wa Krismasi na mazishi. Hajawahi kupita Nakuru.

“Na Kitale?” nikamwuliza kwa mzaha.

Mzaha huo ulimgusa. Yeyote aliyefundishwa naye anajua mapenzi yake kwa riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka wa 1996 na ambayo iliwahi kuwa kitabu teule katika shule zetu za sekondari. Humo, kijana Msanifu Kombo, maarufu kwa jina la Kongowea Mswahili, anafunga safari ndefu kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake.

“Mwanangu,” akanijibu, “Kongowea nimempeleka Kitale mara nisizoweza kuzihesabu. Mimi mwenyewe sijafika.”

Ndipo akanifungulia moyo. Mkobani mwake mlikuwa na barua ya kuomba kustaafu mapema, imeandikwa, imekunjwa, imebaki kutiwa sahihi tu. Hakuwachukia wanafunzi, wala hakukorofishana na mtu. Tatizo lake, alisema, lilikuwa kwamba amechoka kuisikia sauti yake mwenyewe. Maandalio yake ya somo yamegeuka rangi kwa uzee. Mifano anayoitoa ni ile ile aliyotupa sisi. Kuna kichekesho kimoja kuhusu ngeli ambacho tulikicheka mpaka machozi yakatutoka. Amekitoa tena mwaka huo, na darasa likamkodolea macho.

Je, mwalimu wa namna hii ni mvivu? La hasha! Ni mtu aliyetoa miaka nenda miaka rudi bila kuongeza kitu ghalani. Ndiyo maana nilipotakiwa kwenda magharibi mwa nchi kuandika makala ya likizo, nilimwomba tufuatane. Alikubali kwa sharti kwamba kila mtu ajilipie nauli. Mimi nami nikatoa langu: kalamu nyekundu ibaki Nairobi.

LIKIZO NI YA NANI?

Msomaji huenda akauliza, mwalimu atapata wapi nafasi ya kutembea? Likizo ya Agosti haikutungwa kwa ajili ya wanafunzi pekee. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na kwa hiyo, kisheria, mwalimu hana deni la darasa katika majuma hayo. Lakini walimu wengi huyamaliza shambani, dukani, au katika vikao vya harusi na matanga. Haya yote ni mema na ni ya lazima. Hata hivyo, mtu hujikuta amerudi shuleni akiwa na uchovu ule ule aliotoka nao.

Tulipanda matatu asubuhi na mapema, tukapitia Nakuru na Eldoret. Kutoka Nairobi hadi Kitale ni takriban kilomita 380. Tulipotoka Eldoret na kuelekea Moi’s Bridge, Mwalimu alinyamaza. Mahindi yalikuwa yamesimama pande zote mbili za barabara, marefu kuliko mtu, yakiwa na mbelewele kileleni, na juu yake wingu zito la mvua. Agosti katika sehemu hizi si msimu wa joto kama wanavyoujua watu wa Ulaya. Ni miezi ya baridi na matope, na asiyebeba sweta atajuta.

MBEGU YA GHALANI

Kitale uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Reli iliufikia mji huu mwaka wa 1926, wakati walowezi walipokuwa wameyashika mashamba ya eneo hili. Hata leo mji wenyewe ni kama ghala kubwa: maduka ya mbolea, matrekta, magunia, na mazungumzo ya bei ya gunia.

Asubuhi yetu ya kwanza tulikaa katika mkahawa mmoja meza moja na mzee mkulima. Mwalimu akamwamkia, “Shikamoo mzee.” Mzee akacheka, akaitikia marahaba, kisha akamfundisha salamu ya kwao: “Mulembe,” yaani amani. Chai ilipofika, mazungumzo yakaelekea mahali yanapoelekea mazungumzo yote ya Kitale, yaani kwenye mahindi.

Mzee alitueleza jambo ambalo mimi nililijua nusunusu. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka wa 1956. Miaka minane baadaye, mwaka wa 1964, wakulima wakapata mbegu chotara ya 611, ambayo ilikuja kubadilisha kilimo cha mahindi katika nyanda za juu. Ilipatikanaje? Watafiti wa Kitale waliyachukua mahindi yaliyokuwa yamezoea udongo wa hapa wakayazalisha pamoja na mahindi yaliyotoka Ecuador, huko Amerika Kusini. Yale ya nyumbani peke yake hayakufikia mavuno hayo, na yale ya ugenini nayo peke yake hayakufikia. Yalipokutana, mtoto akawapita wazazi wote wawili.

“Lakini sasa sikiliza, mama,” mzee akaendelea. “Mbegu hii ukiivuna, ukaiweka ghalani, mwaka ujao ukaipanda tena, itaota. Itakudanganya kwa majani. Ukivuna utaona gunia limepungua. Ukirudia mwaka wa tatu, litapungua tena. Na wewe utalaumu mvua.”

Mwalimu aliweka kikombe chini. Aliniambia baadaye, tulipokuwa tukitembea kuelekea sokoni, kwamba mzee yule alikuwa amesimulia maisha yake ya kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kila Januari alikuwa akipanda mbegu ya ghalani: maandalio yale yale, mifano ile ile. Somo liliota, watoto wakaandika, azimio la kazi likamalizika. Mavuno yalipopungua alilaumu simu, akalaumu wazazi, akalaumu mtaala. Mbegu yenyewe hakuiangalia.

SOKONI HAKUNA KITABU

Katika Isimujamii, wanafunzi wetu wa sekondari hufundishwa sajili, yaani namna lugha inavyobadilika kulingana na mahali na shughuli. Mwalimu amefundisha sajili ya sokoni tangu aanze kazi. Sifa zake anaziimba kama wimbo: lugha ya kushawishi, sentensi fupi, kuchanganya ndimi, majadiliano ya bei. Mifano yake ni minne, na yote ameitoa kitabuni.

Katika soko la Kitale aliketi kwenye kiti cha mwuza viatu vya mitumba kwa saa nzima, akawa anasikiliza tu. Hapa Mbukusu humwuzia Mpokoti, Mturkana akanunua kwa Mkikuyu, na Msabaoti akabeba mzigo wa wote, Kiswahili kikiwa ndicho kinachowaunganisha. Mama mmoja alikuwa akiinadi sukuma wiki yake kwa kudai kwamba bado ina usingizi wa shambani. Kijana wa nyanya alimwambia mteja aliyeshusha bei mno kwamba bei hiyo ni ya kuziangalia, si ya kuzibeba. Mwalimu alikuwa na daftari dogo mkobani, karibu na ile barua, na alipoinuka alikuwa amejaza kurasa sita.

Nilimkumbusha kwamba hata mwandishi wake mpendwa alikuwa wa maeneo haya. Walibora alizaliwa Bungoma mwaka wa 1965, akalelewa upande huu wa Kitale, na aliaga dunia Nairobi mwezi wa Aprili 2020. Wasomaji wengi walipokutana na Kiswahili chake walidhani ni mtu wa Pwani. Kumbe alikuwa mwana wa bara aliyekichukua Kiswahili cha Tanga na kukipanda katika udongo wa Kitale.

“Chotara ya 611,” Mwalimu akasema, na tukacheka sote.

MTOZA VIPEPEO NA PAA WA MAJINI

Alasiri tulikwenda kwenye Jumba la Makumbusho la Kitale, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya mji. Asili yake ni mlowezi mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, ambaye alianza kuonyesha mikusanyo yake ya wadudu, ndege na vitabu mwaka wa 1926. Alipofariki mwaka wa 1966 aliuachia umma mali hiyo, na jumba la sasa likafunguliwa mwaka wa 1974. Nje kuna nyumba za kienyeji za jamii za eneo hili, na njia ya kutembelea ndani ya msitu ulio kando ya mto. Hapo tulikuta watoto wa likizo wakifukuzana huku mama zao wakifungua mikebe ya vyakula. Familia ya mjini inayotafuta siku moja ya gharama ndogo haitajuta.

Siku iliyofuata tuliamka kabla ya jogoo, tukaenda Saiwa Swamp, kiasi cha kilomita 20 na ushei kutoka mjini. Hii ndiyo mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, kama kilomita 3 hivi za mraba. Ilitengwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja hasa, nzohe, ambaye wengi humwita sitatunga. Ni paa wa majini. Kwato zake ni ndefu na hupanuka, ili asizame kwenye matope ya kinamasi. Akiogopa anaweza kujizamisha na kuacha pua tu juu ya maji. Magari hayaingii humo. Mtu hutembea kwa miguu, kisha hupanda kwenye majukwaa ya mbao na kungoja.

Tulingoja. Nusu saa ikapita. Tuliona korongo wenye mataji wakiruka, tukasikia kima juu ya miti, lakini nzohe hakutokea. Mimi nilianza kunong’ona habari za chai. Mwalimu alinizuia kwa mkono. Ilipokaribia saa mbili asubuhi mafunjo yalitikisika, masikio mawili yakajitokeza, na nzohe jike akatoka kwa hatua za polepole, akala majani, akarudi alikotoka. Yote hayo hayakuzidi dakika tatu.

Tuliposhuka, Mwalimu alisema jambo ambalo sikulitarajia. “Unajua mimi darasani huuliza swali nikalijibu mwenyewe? Nahesabu moja, mbili, nikiona kimya natoa jibu. Labda mtoto alikuwa njiani anakuja, nikamtisha.”

KITABU CHENYE MIGUU

Kutoka Kitale tulishika barabara ya Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye. Hapa Mto Nzoia, unaotoka milima ya Cherangani na kwenda kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria, huporomoka kwenye maporomoko ya Nabuyole. Juu ya mji kuna kilima cha Chetambe, ambako mwaka wa 1895 Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza na kupoteza watu wengi. Mwaka wa 1947, Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Musambwa, aliwakusanya wafuasi wake papo hapo kuwakumbuka waliouawa. Na chini kuna kile kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi miaka ya 1970, kikasimama mwaka wa 2009, na kuuzwa mwaka wa 2016. Wengi wetu tuliosoma miaka ya nyuma tuliandikia madaftari ya karatasi ya Webuye bila kujua yalikotoka.

Lakini ni Bungoma iliyomfungua macho. Wabukusu huwatahiri vijana wao mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na mwaka wa 2024 ulikuwa mmojawapo. Tulipokaribia Kanduyi, matatu ilipunguza mwendo. Barabarani palikuwa na kundi la watu wakiimba, na mbele yao kijana wa miaka kumi na mitatu hivi, mikononi ana njuga za chuma ziitwazo chinyimba. Alikuwa akizigonga kwa mdundo mmoja tu, uso mkavu kama wa mtu mzima.

Ewe mwanafunzi wa Fasihi Simulizi, umewahi kukariri sifa za miviga? Hufanyika mahali maalumu, huwa na utaratibu, huambatana na nyimbo, hutoa mafunzo. Mwalimu aliziandika ubaoni kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuwahi kuuona mviga wenyewe ukipita mbele yake ukitimua vumbi.

Mwenyeji wetu, mzee mstaafu, alitueleza taratibu hizo kwa subira. Kijana huzunguka kwa jamaa zake akiwaalika. Kwa mjomba wake huchinjiwa mnyama na kuvishwa kipande cha nyama shingoni. Alfajiri ya siku yenyewe hupelekwa mtoni na kupakwa matope, kisha husindikizwa nyumbani kwa wimbo maalumu. Waliotahiriwa pamoja huwa rika. Marika ni manane, nayo huzunguka kwa zamu, hivi kwamba jina moja hurudi baada ya takriban karne nzima. Kwa hiyo mzee akitaja rika la babu yake, amekutajia tarehe bila kalenda.

Alitueleza pia kuhusu kumuse. Akifa mzee wa heshima, mlumbi maalumu husimama katikati ya waombolezaji, akatembea huku na huko, akasimulia historia ya ukoo na taifa, akawaonya vijana, akawafariji wafiwa. Si kila marehemu hufanyiwa hivyo, wala si kila msemaji huruhusiwa. “Ulumbi!” Mwalimu akanong’ona, kama mtu aliyekutana njiani na jamaa aliyemjua kwa picha tu.

Hatukwenda mtoni, wala hatukupiga picha. Mwenyeji alituambia wazi kwamba mambo mengine ni ya wenyewe, na mgeni mwenye adabu hujua mahali pa kusimama. Jioni tulikula kuku na ugali wa wimbi. Mwalimu alilala saa tatu, na kwa maneno yake, ulikuwa usingizi wake mzito wa kwanza tangu Januari.

BAADA YA SAFARI

Msomaji, nisingependa kukudanganya kwamba siku tano zinamgeuza mtu akawa mwingine. Muhula wa tatu ulipoendelea nilimtembelea kuona mbegu ile imeotaje.

Somo la sajili halikuanza kwa maelezo. Aliwasomea wanafunzi kurasa zake za Kitale, kisha akawatuma wikendi kwenye vituo vya matatu na masoko ya mitaani mwao, wakusanye wenyewe. Jumatatu walirudi na mamia ya sentensi, na kelele ilikuwa kubwa hivi kwamba mwalimu wa darasa jirani alikuja kuuliza kuna nini. Siku hizi akiuliza swali hungoja, na amegundua kwamba mvulana mmoja wa nyuma, aliyemdhania hana jibu, huhitaji muda tu.

Yako pia yaliyoshindikana. Alijaribu kuigiza mlumbi wa kumuse mbele ya kidato cha tatu, na watoto wakamcheka yeye badala ya kumsikiliza. Naye, asemavyo, akacheka pamoja nao, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa muda mrefu. Hatimaye alijikuta nyuma ya azimio la kazi kwa wiki nzima, ikabidi afidie kwa jasho. Safari haikumwongezea mshahara, wala haikupunguza idadi ya madaftari ya kusahihisha.

Je, wewe mwalimu unayesoma haya ungependa kujaribu? Haikulazimu kufika mbali. Mwalimu wa Nairobi aweza kwenda Kitale, na mwalimu wa Kitale akashuka Mombasa. Wenye uwezo mdogo wanaweza kuchanga wakiwa watatu au wanne. Lala siku ya kwanza, kwa sababu mtu aliyechoka haoni kitu. Usigeuze matembezi yakawa semina: beba daftari dogo na uandike yanayokushangaza tu. Zungumza na watu wa kazi nyingine kuliko walimu wenzako, kwani ni mkulima aliyetufundisha habari za mbegu. Ukitaka kuingia mbuga za taifa, fahamu kwamba malipo hufanywa kwa njia ya eCitizen, hivyo jitayarishe mapema. Ukitamani kufika Mlima Elgon, kwenye pango la Kitum ambamo tembo huingia kuchimba chumvi kwa pembe zao, usiingie pangoni pasipo ushauri wa askari wa wanyamapori. Mwaka wa 1980 na wa 1987 wageni waliolizuru walifariki kwa homa ya Marburg, ambayo hubebwa na popo.

Nanyi wazazi, mnapopanga safari ya likizo na gari likabaki na kiti kimoja, mkumbukeni mwalimu wa watoto wenu. Gharama yake haizidi ya kitabu cha marudio, na faida itagawanywa kwa darasa zima.

Kabla ya kuagana nilimuuliza Mwalimu habari za ile barua.

“Iko kwenye droo,” akasema. “Sijaichana. Siku yangu ya kustaafu itafika, nami nitakwenda. Lakini kwanza kuna mwaka mwingine unaogawanyika kwa mbili. Nataka niwapeleke wanafunzi wangu Bungoma.”